Bei Ikipanda, Bei Ikishuka

Gari ya Jambiani, nambari 309, hujaa akina mama mapema. Niliipanda Mwanakwerekwe, Unguja, mchana wa jua kali, nikakaa ubaoni kati ya bibi aliyepakata ndoo ya rangi na msichana mwenye mfuko wa madaftari. Juu ya paa kulikuwa na mabati, polo la mchele, galoni za mafuta ya kula na godoro lililokunjwa. Utingo alipoanza kudai nauli ya mizigo, nilitega sikio nijue kipi ni cha nani. Mabati yalikuwa ya mama wa Jambiani anayeezeka chumba cha mwanawe. Mchele ulikuwa wa mama mwingine anayeshukia Paje. Rangi ilikuwa ya bibi wa kando yangu, aliyetaka nyumba ing'are kabla ya harusi ya mjukuu. Nikamuuliza kama fedha ya rangi ametoa babu.

"Babu ana fedha ya kahawa tu, mwanangu," akajibu, na ubao mzima ukacheka.

Jibu lile lina uzito kupita kicheko chake. Katika ndoa za huku, kwa sheria ya Kiislamu na kwa mila, bwana ndiye anayelisha, anayevisha na anayetoa mahali pa kulala. Mke akiwa na chake, ni chake. Hakuna mwenye haki ya kumdai mchango wa unga. Sasa mke akinunua mchele, akanunua bati, akanunua na rangi ya harusi, kuna jukumu limehama ndani ya nyumba. Nilikuwa nakwenda pwani ya mashariki ya Unguja nikitaka kujua limehama vipi na nani kalihamisha. Kila niliyemuuliza garini alinitajia mwani.

Barabara hupita Tunguu, kisha msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka lami bila haraka, kisha Kitogani. Baada ya hapo udongo huisha na maweni huanza: ardhi ya mawe ya matumbawe, vichaka vifupi, mihogo inayoota kwenye mashimo yenye konzi chache za udongo. Nataka msomaji aione ardhi hii kwa sababu ndiyo iliyoamua mengi. Karafuu, zao lililoijenga Zanzibar ya masultani, haikuota huku. Utajiri wake ulibaki magharibi ya Unguja na kwenye vilima vya Pemba. Watu wa mashariki walivua samaki, walichoma chokaa, walikata kuni, na wanawake wao walisokota kamba za makumbi. Soko kubwa la dunia liliwapita pembeni kwa zaidi ya karne.

Lilipokuja, lilikuja kwa njia ya bahari yenyewe. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameanza kuuchunguza mwani wa pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1970, akihimiza ulimwe kama zao. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mahali palikuwa pamechaguliwa vyema. Mwamba uko mbali, unavunja mawimbi. Ndani yake kuna maji mafupi yenye mchanga mweupe, na maji yakitoka yanaacha uwanda ambao unaweza kuutembea mpaka nyumba za kijijini ziwe nukta nyuma yako. Kwa mara ya kwanza, ufukwe huu ulikuwa na kitu ambacho wanunuzi wa ng'ambo walikitaka na ambacho mashamba ya karafuu hayakuweza kukitoa.

Kinachotakiwa ndani ya mwani ni karajinani, ute unaofanya vitu vigande na kushikana. Umo kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na dawa za hospitali. Wanawake wengi wa Paje wameupanda kwa miaka wakijua tu kwamba "unakwenda Ulaya".

Nilifika Paje siku za bamvua. Kwenye pwani hii, bamvua likikolea, maji hutoka kabisa kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, na saa hizo ndizo za mwani. Siku za maji mafu shamba halifikiki. Kwa hiyo kazi ya mwezi mzima hubanwa ndani ya siku chache, na siku hizo hakuna mkulima anayeweza kuahirisha. Akina mama walitoka uani kwa makundi, wamevaa magauni marefu na mitandio, wengine soksi miguuni kwa kuogopa urumba na mawe makali, vichwani ndoo zenye kamba na tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mbegu. Nilimfuata mmoja wao, mama wa makamo, kwa idhini yake.

Shamba lake lilikuwa safu za vigingi viwiliviwili, kila jozi imeunganishwa kwa kamba, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vikicheza maji. Mwani uliokomaa huvunwa baada ya wiki sita hivi. Mkulima hufungua, huchagua vipande vizuri vya mbegu, hufunga upya, hung'oa magugu ya bahari yanayoukaba, huzamisha kigingi kilicholegea. Yote hayo ameinama, maji yakimfika magotini na baadaye kiunoni, jua likimchoma kutoka juu na kutoka kwenye maji. Mwani mbichi ni mzito mno kwa sababu umejaa maji, na ukikauka hupungua mpaka kubaki sehemu ndogo sana ya uzito ule. Anachokivuta mama mpaka ufukweni kwa polo lililoloa ni kilo nyingi. Kinachofika kwenye mzani ni chache. Mgongo wake haulipwi kwa zile kilo nyingi.

Nilijaribu kumsaidia kuvuta polo moja. Mama akanipa upande mwepesi na bado nilisimama mara kadhaa kupumua. Yeye alikuwa anazungumza njia nzima.

Alinieleza jinsi ilivyokuwa alipokuwa mwari. Mama yake alizika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, akayafunika mawe, akayaacha miezi mingi mpaka yaoze, kisha akayafukua yakinuka, akayapiga kwa mti, akasokota kamba. Kamba hizo zililipa vitu vidogo: chumvi, mafuta ya taa. Duara za mawe ya kuzikia makumbi bado zinaonekana maji yakitoka, na wapo bibi wachache wanaoendelea. Mwani ulipokuja, fedha ya kwanza aliyoishika mama yake kwa mavuno ya msimu mmoja ilikuwa kubwa kuliko aliyowahi kuishika kwa makumbi. Walinunua kabati la vyombo. Kabati hilo lipo mpaka leo, nililiona, na mwenyewe alilifungua anionyeshe hata rafu za ndani.

Mambo ya aina hii yalitokea nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mabati yakachukua nafasi ya makuti. Sare za skuli zikanunuliwa kwa wakati. Mwanamke aliyekuwa anaomba fedha ya leso akaacha kuomba. Nisingependa mtu yeyote aliyesoma ripoti mbili za maumivu ya mgongo na macho ya wakulima wa mwani aje kuwaambia wanawake hawa kwamba mwani umewatesa tu. Nilikaa barazani na watano kati yao, na wote walikuwa na jambo moja la kutaja walilolifanya wenyewe bila kumwomba mtu. Mmoja alimsomesha binti mpaka akawa mwalimu. Mwingine alitoka kwenye ndoa ya kipigo kwa sababu alijua atakula.

Lakini hesabu ya kazi ya nyumbani ndiyo niliyokuja kuitazama, na huko picha si ya furaha sana. Bamvua likishika saa za asubuhi, mama hayupo jikoni wakati wa kupika chakula cha mchana. Anayepika ni binti. Anayechota maji, anayelea mdogo mgongoni, anayefua ni binti. Katika nyumba nilizokaribishwa, kazi alizoziacha mama alipokwenda mwanini zilishuka kwa watoto wa kike na kwa bibi. Hazikwenda kwa baba. Baba alikuwa ametoka na ngalawa usiku, akarudi alfajiri, na akilala mchana hana wa kumwamsha. Hiyo ni haki yake, kuvua usiku ni kazi ngumu. Ila hata siku ambazo kusi linavuma na ngalawa haitoki, jiko halikuwa lake. Mama alirudi saa saba, akala kilichobaki, akaanza kuanika mwani.

Nilimuuliza bwana mmoja wa Jambiani, mvuvi mwenye umri wa kunizaa, nikimwita mzee kwa heshima, kwa nini wanaume hawaonekani shambani. Hakukasirika.

"Mwanzo tulikuwapo," akasema. "Mimi nilikuwa na kamba zangu. Bei ikakaa palepale, vitu vikapanda. Nikawaachia akina mama."

Maneno hayo yanafaa kusomwa mara mbili na kila anayefikiri mwani ni kazi ya kike kwa asili yake. Wanaume walikuwamo. Wengine waliacha nyavu wakaja kufunga tai-tai. Walipoona kilo moja ya mwani mkavu hainunui kinachonunuliwa na samaki mmoja wa wastani, waliondoka, na leo wanawake ni zaidi ya asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar. Pemba, ambako ndiko unakovunwa mwani mwingi zaidi wa visiwa hivi, bado utakuta mume na mke wakilima pamoja. Huku mashariki ya Unguja, ambako utalii umempa mwanamume njia nyingine, mwani umebaki wa wanawake karibu watupu.

Na kwa nini bei ilikaa palepale? Kwa sababu haipangwi Paje. Indonesia na Ufilipino ndizo zinazolima mwani mwingi wa aina hii duniani, na bei ya Zanzibar hufuata ya huko. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba kampuni inampa mkulima kamba, tai-tai na vigingi, naye analazimika kuiuzia kampuni hiyohiyo kwa bei itakayotaja. Mkulima hana mzani wake. Karani akisema mwani una unyevu, una unyevu. Akisema una mchanga, unapunguzwa uzito. Mama niliyemfuata shambani hakuwahi kukutana na mtu anayeamua bei. Anamjua karani tu, na karani naye ni kijana wa kijiji cha pili asiyeamua chochote.

Kisha bahari yenyewe ikabadilika. Kuna aina mbili za mwani zilizoletwa: spinosamu, yenye bei ndogo, na kotonii, inayolipa mara mbili na zaidi. Kotonii ndiyo iliyokuwa tumaini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kufa kwenye maji mafupi, hasa msimu wa kaskazi jua linapoyachemsha maji ya ndani ya mwamba. Vishada hugeuka vyeupe, hulainika, hukatika. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa mwani hapa Zanzibar, ameshughulika na tatizo hili kwa miaka mingi, akitafuta pamoja na wakulima njia ya kuipanda kotonii kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, ndani ya nyavu za mirija badala ya kamba na vigingi. Njia yenyewe inawezekana. Ugumu ni kwamba maji ya kina yanataka mashua, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi wa pwani hii walikua wakiambiwa kuogelea ni kwa wavulana. Nitarudi kwenye mashua.

Jambo ambalo akina mama walilizungumza kwa sauti ya chini, milango ikiwa imeegemezwa, ni fedha ya mwani ndani ya ndoa. Mmoja alisema ilianza kidogo kidogo. Bwana alikuwa analeta samaki na kilo ya mchele. Alipoona mke ana fedha ya mwani, akaleta samaki tu. Kisha samaki akawa wa kuuzwa hotelini kwa bei nzuri, na nyumbani wakawa wanakula dagaa alizonunua mke. Hakuna siku waliyokaa wakakubaliana. Mwingine akaongeza kwamba wa kwake, alipoona mzigo wa nyumba umepungua, alioa mke wa pili. "Mimi ndiye niliyemlipia mahari," akasema, na hakuna aliyecheka.

Sitaki kuwasema wanaume wote. Nilimwona bwana akimsubiri mkewe ufukweni na baiskeli ya kubebea mapolo, na wakaondoka wakiongea. Ila wanawake wengi walilieleza jambo lilelile kwa maneno yanayofanana: fedha yao haikuongezwa juu ya fedha ya mume, iliingia mahali pake. Sheria ya nani amlishe nani haikubadilika hata herufi. Bwana bado ndiye mwenye jukumu na bado ndiye mwenye heshima ya jukumu hilo, barazani na msikitini, wakati unga unanunuliwa na mwingine.

Talaka ndiyo inayoleta hesabu mezani. Mwanamke aliyejenga vyumba viwili kwa fedha ya mwani kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, akiachwa, huondoka na kabati na vyombo. Matofali hayabebeki. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017 imefungua mlango hapa: kadhi anaweza kusikiliza shauri la mali ya ndoa kwa kuangalia mchango halisi wa kila mmoja. Ni hatua kubwa. Lakini mchango halisi hutaka ushahidi, na mwani hulipwa taslimu ufukweni. Bati hununuliwa mjini na risiti hutupwa njiani. Mama mmoja wa Jambiani amejifunza. Anaweka risiti zake zote, za saruji, za misumari, mpaka za gari ya kubebea mchanga, kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la nguo. Nilimuuliza kama bwana anajua. Akasema anajua, na tangu ajue wanaheshimiana zaidi.

Kuna vikundi pia. Katika vijiji vya kuzunguka Jozani na kuendelea huku mashariki, wanawake huweka na kukopeshana kwa hisa, fedha ikilala kwenye sanduku lenye kufuli kadhaa na funguo mikononi mwa watu tofauti. Nilihudhuria kikao kimoja. Kilichonivutia ni utaratibu wa kimya kuliko fedha: kila mmoja anahesabiwa mbele ya wenzake, na hakuna bwana anayeweza kuja usiku kuomba iliyoko sandukuni, kwa sababu ufunguo mmoja hautoshi.

Paje pia utakuta sabuni. Wanawake husaga mwani mkavu kuwa unga, wakachanganya na mafuta ya nazi, mdalasini, karafuu au mchaichai. Kipande kimoja cha sabuni yenye vijiko vichache vya unga huuzwa kwa mtalii kwa bei inayozidi kilo nzima ya mwani kwenye mzani wa karani. Hapo ndipo faida ilipo, na aliyeifikiria njia hii anastahili pongezi. Lakini ukitazama ufukwe wote, watengenezaji sabuni ni wachache na wapandaji ni maelfu. Watalii hawanunui sabuni kiasi cha kumaliza mwani wa kijiji kimoja.

Utalii wenyewe umeleta mambo yake. Paje ya leo ni mji wa vishada vya kupaa na mbao za kuteleza juu ya maji, na kijana mgeni anayeteleza kwa kasi hayaoni maji mafupi kama shamba. Kamba hukatika. Njia za kushukia pwani zimebanwa katikati ya kuta za mahoteli, na sehemu za kuanikia mwani zimepungua, kwa kuwa mgeni hapendi harufu. Shamba la baharini halina hati. Mama analijua kwa kumbukumbu: kutoka jiwe lile mpaka kwenye vigingi vya shoga yake. Kumbukumbu hiyo imetosha miaka yote ambayo hakuna mwingine aliyeyataka maji hayo.

Kutoka Jambiani nilishuka kusini, nikapita Makunduchi mpaka Kizimkazi. Huko Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, mmojawapo wa misikiti ya zamani kabisa kwenye pwani yetu, na kusimama mbele yake kunakumbusha kwamba biashara ya ng'ambo haikufika visiwa hivi juzi. Ila mimi nilikuja kwa ajili ya pweza.

Pweza alikuwa kitoweo cha wanawake. Maji yakitoka, walitembea juu ya mwamba na mti wa kuchokolea, wakijua kila tundu, tundu nyingine zikirithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Walipata wa kupika na wa kuuza jirani. Mwanamume mwenye ngalawa hakuhangaika na pweza. Katika miaka ya 1990 viwanda vya kugandisha vilianza kununua pweza kwa wingi pwani yote ya Tanzania na kumpeleka Ulaya. Bei ikapanda. Na bei ilipopanda, wanaume wakaja na miwani ya kuzamia, wakawafuata pweza wakubwa kwenye kina, na baadaye wakaja hata juu ya mwamba mfupi.

Kwenye diko nilisimama mpaka mnada ukaisha. Wazamiaji walileta pweza waliofungwa kwa makundi, wazito, na wachuuzi wakawagombea. Pembeni bibi mmoja alikuwa na pweza wawili wadogo kwenye beseni. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia tundu zake siku hizi anakuta zimeshachokolewa usiku kwa tochi. Hakuwa na hasira na mtu. Alisema vijana nao wanatafuta maisha.

Katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba watu wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kisha kuifungua siku moja kwa wote. Ni utaratibu mzuri. Pweza hukua haraka sana, na siku ya kufungua kila mtu huonekana amebeba. Lakini waliofika mbali kwa mashua na miwani hubeba zaidi ya waliotembea kwa miguu, na wenye miguu ni wanawake. Hakuna sheria inayowakataza kuzamia. Kuna mashua ambayo hawana, na kuogelea ambako hawakufundishwa.

Hapo Kizimkazi ndipo nilipouelewa mwani wa Paje. Bahari ni moja, dini ni moja, watu ni wa koo zinazooana. Kazi ya mwani iliyoanza na wote ikawa ya wanawake bei ilipodumaa. Kazi ya pweza iliyokuwa ya wanawake ikawa ya wanaume bei ilipopanda. Tunaposema kazi hii ni ya kike na ile ni ya kiume, mara nyingi tunataja tu mahali bei ilipo kwa sasa. Mila haikuwa ndiyo iliyogawa. Ilikuja baadaye ikaubariki mgawanyo uliokwisha kufanywa kwenye mzani.

Kwa hiyo nina wasiwasi na mashua. Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar chini ya Rais Hussein Mwinyi imeutangaza uchumi wa buluu kuwa nguzo ya maendeleo, na wakulima wa mwani wamo kwenye mipango hiyo. Mashua zimegawiwa kwa vikundi vyao, na serikali imeamua kujenga kiwanda cha kusindika mwani Chamanangwe, Pemba, ili mwani usiendelee kuondoka visiwani bila kuongezwa thamani. Nayaunga mkono haya yote kwa moyo. Mwani unahitaji kiwanda, na kotonii inahitaji kina. Ila nikifuata yaliyompata pweza, najua kitakachofuata siku kilo ya kotonii itakapolipa vizuri: wanaume walioondoka watarudi. Wana mashua, wanaogelea, hawana chungu kinachowasubiri. Na maji ya kina hayana hata yale mawe ya kumbukumbu ambayo mama wa Paje anayatumia kulijua shamba lake.

Kikundi kimoja nilichokutana nacho kina mashua. Nahodha ni kijana wa kiume anayelipwa sehemu ya mavuno. Niliuliza kwa nini asiwe mmoja wao. Wakatazamana. Binti wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa amekaa mwisho wa jamvi, akasema yeye anaweza kushika mashine, ameshajaribu, na kuogelea amejifunza na wenzake wa skuli. Mama yake akamwambia anyamaze. Mwenyekiti wa kikundi akasema asinyamaze, aeleze.

Wanaume kurudi baharini na wake zao halitakuwa jambo baya. Nyumba zingine za Pemba zinaonyesha inawezekana, na mzigo ukibebwa na wawili ni afadhali. Ubaya ni wakirudi wakiwa wenye mali, na wanawake waliolitunza zao hili kwa zaidi ya miaka thelathini ya bei mbovu wakageuzwa vibarua wa kufunga mbegu. Hilo linaweza kuzuiwa sasa, kabla bei haijapanda. Baada ya hapo litakuwa gumu. Mashua zinapogawiwa, ziandikwe kwa majina ya wanawake wanaolima, jina kwa jina. Maeneo ya maji ya kina yapimwe na kusajiliwa kwa vikundi vyao, na watu wa mahoteli wapewe ramani hiyo pia. Wasichana wa skuli za Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi wafundishwe kuogelea na kuendesha mashine ya mashua kama wanavyofundishwa hesabu. Mkulima apewe risiti kila anapopima mwani, yenye jina lake, uzito na bei, maana siku moja kadhi ataihitaji. Na masheha na maimamu, ambao sauti zao huku zinasikika kuliko ya waziri, wawakumbushe mabwana kwamba fedha ya mke haijawahi kufuta wajibu wa mume wa kulisha nyumba.